Uzi: Gesi ile ile ifanye kazi mara mbili. Seli ya fueli na turbini kwenye mtambo mmoja

fundi_wa_jenereta (mleta uzi)

Habari za jioni wadau. Huu uzi nimetembea nao kichwani tangu juzi. Stima ilipotea huku Industrial Area saa nane mchana, jenereta letu likawaka, nami nikazunguka nyuma kama kawaida kusikiliza turbo na kuangalia rangi ya moshi. Sasa kuna mama wa usafi hapo kwetu, jenereta likinguruma tu anakuja na vitambaa vyake vya kupigia deki anavianika kwenye waya karibu na bomba la ekzosi. Kitambaa kinawekwa kikichuruzika maji, ukienda kuangalia mafuta ukirudi kimekauka mpaka kimekakamaa kama kadibodi. Hiyo kitu nimeiona miaka tisa sijawahi kuiwazia, juzi ndio nikasimama nikaitazama vizuri. Lile joto tumelinunua sisi. Lita moja ya dizeli ina nishati ya kama uniti 10 za stima, na jenereta likiwa na mzigo mzuri linakurudishia uniti tatu na nusu, au nne likiwa zuri sana. Zile sita zingine zinapitia rejeta na bomba la moshi zinaenda na upepo.

Kwa hivyo nataka tuongee kuhusu mtambo ambao umeundwa kwa ajili ya hilo tatizo tu, yaani seli ya fueli na turbini ya gesi vikiunganishwa viwe kitu kimoja. Nimeufuatilia muda mrefu na naupenda sana, nitaeleza polepole, mwenye swali aulize.

Tuanze na turbini kwa sababu nusu yenu mnaijua bila kujua mnaijua. Turbo ya lori ina magurudumu mawili kwenye shafti moja. La upande huu linavuta hewa na kuishindilia, la upande ule linasukumwa na moshi wa injini. Sasa ondoa injini, pale katikati weka chumba cha kuchomea gesi, na kwenye shafti funga jenereta. Hapo umepata turbini ya gesi, hakuna uchawi mwingine. Hewa inaingia, inashindiliwa, inapashwa moto, inapanuka, inasukuma gurudumu. Shida yake ni kwamba nusu na zaidi ya nguvu ya lile gurudumu inarudi kuzungusha kompresa yake yenyewe, na moshi unaotoka bado una nyuzi kama 500. Turbini ikiwa peke yake inakupa ufanisi wa asilimia 35 hadi 40 hivi kwa zile kubwa, zile ndogo za kilowati mia zinakaa chini ya hapo, kwenye 30.

Wenye pesa nyingi huchukua ule moshi wakachemshia maji, mvuke ukazungusha turbini ya pili. Kituo cha Bouchain kule Ufaransa kilivunja rekodi mwaka 2016 kwa asilimia 62.22, halafu Nishi-Nagoya ya Japani ikafika 63.08 mwaka 2018. Hizo ni namba za kuheshimika kabisa. Lakini hiyo ni mitambo ya mamia ya megawati, na huwezi kuishusha ukubwa ikatosha kiwanda cha maziwa au hospitali kisha ubaki na ufanisi ule ule. Ukiwa mdogo unaumia.

Sasa seli ya fueli. Hii haina moto wala pistoni. Ninayoongelea mimi ni ile ya seramiki, ndani yake kuna bamba jembamba la zirkonia iliyochanganywa na itria, kitu cheupe kama kikombe cha chai. Ikiwa baridi ni kauri tu, umeme haupiti wala hewa haipiti. Ipashe moto mpaka nyuzi 700, 800, aina za zamani mpaka 1000, na lile bamba linageuka barabara ya oksijeni. Upande mmoja unapitisha hewa, upande wa pili gesi. Oksijeni inachukua elektroni upande wa hewa, inapenya ndani ya seramiki, inakutana na gesi upande wa pili na kuziacha zile elektroni, nazo zikitaka kurudi njia ni moja tu, kuzunguka kwa waya. Huo mzunguko ndio stima yako. Seli moja ikifanya kazi inatoa kama volti 0.7, kwa hivyo unazipanga moja juu ya nyingine kama chapati kwenye hotipoti mpaka upate volti za maana.

Kwa sababu haigeuzi joto kuwa mzunguko kama injini, ile sheria ya Carnot, inayoweka kikomo cha joto kiasi gani injini inaweza kugeuza kuwa kazi, haiishiki kwa njia ile. Seli ya hivi peke yake inafika asilimia 50 na kupita.

Na hapa ndipo ndoa inapokuja. Seli haili gesi yote, inakula kama asilimia 80 au 85, ukiilazimisha imalize unaiharibu. Kwa hivyo inatema gesi kidogo iliyobaki, pamoja na hewa yenye moto mkali sana, na turbini haitaki kitu kingine duniani zaidi ya hewa yenye moto na presha. Basi unachukua kompresa ya turbini inashindilia hewa, hewa inapita kwenye kibadilisha joto inapata moto wa kwanza, inaingia kwenye seli, inatengeneza stima, inatoka na gesi iliyosalia, ile gesi inachomwa hapo hapo, halafu yote inaingia turbini kutengeneza stima mara ya pili huku ikizungusha ile kompresa tuliyoanza nayo. Seli imekuwa chumba cha moto cha turbini. Tena seli ikipewa hewa yenye presha volti zake zinapanda, kwa hivyo kila mmoja anamfaa mwenzake.

Hii sio ndoto ya karatasi. Mwaka 2000 Siemens Westinghouse walipeleka mtambo wa kilowati 220 kwenye chuo kikuu cha California pale Irvine, seli zikiwa ndani ya tangi lenye presha ya kama angahewa tatu na turbini ndogo pembeni. Ulifanya kazi karibu masaa 3,000 na ukafikisha ufanisi wa asilimia 53 hivi. Kilowati 220 jamani! Hiyo ni jenereta ya kiwanda cha kawaida pale Lunga Lunga, na inashinda dizeli yetu kwa mbali sana.

Nitaendelea, nasubiri chai.

nyar_muhoroni

Kaka asante kwa kuandika kwa lugha ya mtu kuelewa. Mimi kwetu ni Muhoroni, na kwetu zililetwa turbini za gesi zilizohamishwa kutoka Embakasi, watu wa huko wanazijua. Lakini zile zilikuwa zinatumia mafuta taa sio gesi, mbona zinaitwa za gesi? Na swali la pili, si mtu angechukua zile zile akafunga hizo seli zako?

fundi_wa_jenereta

Dada swali zuri na wengi wanalikosea. Neno gesi pale linamaanisha kile kinachosukuma gurudumu, yaani hewa ya moto, sio kile kinachochomwa. Turbini ya gesi inaweza kula mafuta taa, dizeli, gesi asilia, hata mafuta ya ndege. Ya mvuke inasukumwa na mvuke, kama za Olkaria, ndio tofauti.

La pili jibu ni hapana na sababu ni tatu. Kwanza zile za Embakasi zilizoenda kwenu ni za megawati 30 kila moja, na kwenye huu mtambo seli ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa stima, turbini inaokota iliyobaki, kwa hivyo kwa turbini ya kiasi hicho ungehitaji rundo la seli ambalo hakuna mtu amewahi kulijenga. Pili turbini huwa imechorwa kwa kiasi fulani cha hewa na moto fulani, ukiondoa chumba chake ukaweka kitu kingine magurudumu yote mawili yanakosana, na hapa lazima turbini ichaguliwe kwa kipimo cha seli. Tatu mafuta taa yana salfa, na salfa kwa seli ni sumu. Hiyo ya salfa nadhani kuna mtu humu wa kemia aifafanue vizuri kuliko mimi.

mwanakemia_254

Nimeitika. Upande wa gesi wa ile seli umetengenezwa kwa nikeli iliyochanganywa na seramiki, na nikeli ndiyo inayovunja gesi. Salfa inajishika juu ya nikeli na kuziba zile sehemu ambazo kazi inafanyika, na haihitaji nyingi, chembe chache kwenye milioni zinatosha kushusha volti. Sasa jambo ambalo watu hawalijui. Ile harufu mbaya ya gesi ya kupikia mnayoisikia mtungi ukivuja sio harufu ya gesi. Gesi yenyewe hainuki, harufu inawekwa makusudi ili mtu ajue kuna hatari, na kile kinachonukia ni kemikali yenye salfa. Kwa hivyo hata ukileta mtungi safi wa nyumbani ukaunganisha kwenye seli bila kupitisha kwenye kichujio cha salfa utakuwa unaipa sumu kidogo kidogo, kwa sababu ya kitu kilichowekwa kukulinda wewe.

Halafu kuna masizi. Ukiingiza methani kavu kwenye nikeli ya nyuzi 800 inaacha kaboni juu yake, seli inaziba. Dawa ni kuchanganya na mvuke. Na uzuri ni kwamba seli yenyewe inatengeneza mvuke upande wa gesi, kwa hivyo sehemu ya kinachotoka inarudishwa nyuma kuchanganyika na gesi mpya, mara nyingi kwa ejekta tu, yaani bomba ambalo gesi mpya ikipita kwa kasi inavuta ile ya zamani, haina kitu kinachozunguka. Mvuke na methani vinageuka haidrojeni na monoksidi ya kaboni ndani kwa ndani, na huo mgeuko unakula joto, kwa hivyo unasaidia kupoza seli pia. Mtu akikwambia lazima uwe na haidrojeni safi kwa seli ya fueli anaongelea aina zingine, zile za baridi kama za magari. Hii ya moto inakula methani, na hata ile monoksidi ya kaboni inayoua seli za magari hii inaila kama chakula.

Nimalize na kitu nilichokiona kwa macho. Tulikuwa na kipande cha zirkonia mviringo, kipana kama shilingi ishirini na chembamba kuliko kadi ya simu. Tukakiweka kwenye tanuru. Maelezo yalisema tupandishe moto nyuzi chache kwa dakika, tukawa na haraka kwa sababu maabara inafungwa saa kumi na moja, tukazidisha. Hatukuona kitu, tulisikia tu. Tik. Ndogo kama ya kucha. Kufungua kesho yake kina mstari mmoja mwembamba kutoka ukingo mpaka ukingo, ukikiinua kwenye mwanga unauona. Kazi ya wiki sita ikaishia hapo, na niliumia sana siku hiyo. Kwa hivyo mkisikia kwamba mtambo wa hivi unachukua masaa mengi kuwasha kutoka baridi, sababu ni ile tik.

fundi_wa_jenereta

Mwanakemia Mungu akubariki, hiyo ya harufu sikuwa naijua kabisa na nimefunga mitungi maisha yangu yote.

Niongezee tu hapo kwenye nikeli. Gesi ikikatika ghafla na hewa ikaingia upande ule seli ikiwa bado ya moto, nikeli inashika oksijeni, inavimba, na ikivimba inapasua seramiki iliyo juu yake. Ndio sababu nilisema hauiachi seli imalize gesi yote. Kile kidogo kinachobaki ni ulinzi wake, na kwenye ndoa na turbini kile kidogo hakipotei kwa sababu kinachomwa mbele.

daktari_wa_turbo

Mkuu mimi niko Kirinyaga Road, turbo ndio mkate wangu, na nimesoma huu uzi mara mbili nikiwa nimeshika moja mkononi. Nina swali la kazi. Kwenye lori dereva akiwa kasi akiachilia mafuta ghafla, hewa iliyoshindiliwa inakosa pa kwenda, inarudi nyuma kwa kompresa, unasikia turbo inabweka, hu-hu-hu. Hiyo ikirudiarudia inakula beringi mpaka shafti inaanza kucheza, naletewa hapa kila wiki. Sasa wewe unaniambia kati ya kompresa na turbini utaweka tangi zima la seli na mabomba yake. Hapo hewa iliyokaa katikati ni nyingi mno. Haitabweka hiyo?

fundi_wa_jenereta

Daktari umeweka kidole pale pale penye kidonda. Hilo ndilo tatizo kubwa kuliko yote ya huu mtambo na limesumbua watu miaka mingi.

Turbini ya kawaida, chumba chake cha moto ni kidogo, hewa inapita kwa muda mfupi sana. Ukiweka seli katikati umeweka tangi. Mzigo wa stima ukipungua ghafla, tuseme mashine kubwa imezimwa, shafti inabadilisha kasi mara moja lakini ile hewa iliyojaa kwenye tangi bado ina presha yake na bado ina moto wake, inaendelea kusukuma. Presha mbele ya kompresa inakuwa kubwa kuliko ile kompresa inaweza kubeba kwa kasi hiyo, na hewa inarudi nyuma. Kwenye lori imekula beringi. Hapa presha inatikisika upande wa hewa wa seli wakati upande wa gesi umetulia, na katikati ya hizo pande mbili kuna nini? Kuna lile bamba la mwanakemia, jembamba kuliko kadi ya simu. Tik.

Na kuna tofauti ya mwendo kati ya hawa wawili. Shafti inajibu kwa sekunde. Seli kwa umeme inajibu papo hapo, lakini kwa joto inachukua dakika nyingi, hata masaa. Ni kama kufunga ng'ombe na punda kwenye mkokoteni mmoja, inawezekana lakini anayeshika kamba awe anajua. Turbini nyingi za hivi hazifungwi kasi moja, inveta inashughulikia hertzi 50, shafti inaachwa ibadilishe kasi ili kompresa itoe hewa kiasi ambacho seli inataka kwa joto lake, na kuna vali za pembeni za kupitisha hewa njia ya mkato ikizidi.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni jinsi maabara ya nishati ya serikali ya Marekani kule Morgantown, West Virginia, walivyolichunguza hili bila kuvunja seli hata moja. Walichukua turbini halisi ya ndege, ile ndogo ya kuzalisha umeme ndege ikiwa chini. Badala ya seli wakaweka matangi matupu yenye nafasi sawa na ile seli ingechukua, na kichomeo cha gesi. Halafu kompyuta inahesabu papo kwa papo kwamba kama hapa kungekuwa na seli, na hewa hii inayoingia ingekuwa na presha hii, ingetoa joto kiasi gani, na kile kichomeo kinatoa joto hilo hilo. Kwa hivyo turbini inadhani imefungwa na seli. Ikibweka inabweka kwa tangi tupu, hakuna kinachopasuka. Mradi wenyewe wanauita Hyper. Mimi naona huo ni ufundi wa kiwango cha juu kabisa, mtu aliyefikiria hivyo ni mtu aliyewahi kuvunja kitu cha bei akaumia moyo.

daktari_wa_turbo

Nimeelewa sana. Basi vali ya kupumua tunayofunga kwa turbo za magari ya mbio ni kakake mdogo wa hizo vali zako za njia ya mkato.

fundi_wa_jenereta

Ndio hiyo hiyo mkuu, baba mmoja mama mmoja.

binti_mvita

Assalam aleikum nyote. Nimesoma uzi kutoka juu hadi hapa na maelezo ni mazuri kwa kweli, lakini ndugu yangu niruhusu nikukatize kidogo. Sisi hapa Kenya gesi hiyo tunaitoa wapi? Stima yetu nyingi yatoka ardhini Olkaria, na mito, na upepo wa Turkana. Huku Mombasa tuna mitambo ya mafuta Kipevu, na ule mpango wa kituo cha gesi Dongo Kundu tumeusikia miaka na miaka. Gesi asilia wanayo jirani zetu Tanzania, Songo Songo na Mnazi Bay. Sasa huu mtambo wako waja kumfaa nani hapa kwetu?

fundi_wa_jenereta

Waaleikum salaam dada. Nakubaliana nawe moja kwa moja, mimi siwezi kusema tuache Olkaria tukachome gesi, hapana. Mvuke wa ardhini ni baraka yetu na haukatizwi na jua wala kiangazi.

Ninachoangalia mimi ni mahali pawili. Kwa majirani kwanza. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam kuzalisha umeme tangu 2004, na mwaka 2021 nchi zetu mbili zilikubaliana kuhusu bomba la kutoka Dar mpaka Mombasa. Hilo bomba likija au lisije, gesi ile inachomwa tayari kwenye turbini na injini, na kila mita ya ujazo inayotoka kule chini ya bahari haitarudi. Kuichoma kwa ufanisi wa asilimia 35 wakati inawezekana kupata 55 au 60, mimi naona uchungu. Ni gesi ya watoto wao.

Pili ni jenereta za dizeli hapa hapa Nairobi. Zunguka Industrial Area siku stima imepotea usikilize. Zunguka hospitali, magorofa ya Upper Hill, minara ya simu. Olkaria haiwezi kukusaidia kama shida iko kwenye waya wa mtaa wako. Hapo ndipo mtambo wa kilowati 200 unapokuwa na maana, na gesi yake inaweza kutoka kwa kinyesi cha ng'ombe na mabaki ya mboga. Naivasha tayari kuna shamba linachachusha mabaki ya mboga na kuzalisha stima kwa injini. Gesi ya hivyo ina methani na hewa ya ukaa, na hewa ya ukaa haiisumbui hii seli, injini ndio hulalamika. Kazi kubwa ni kuondoa salfa, ambayo kwa gesi ya mavi ni nyingi, mwanakemia atanisahihisha.

mwanakemia_254

Sina la kusahihisha. Ila gesi ya jalala kama Dandora ni ngumu zaidi, ina silikoni kutoka kwa shampuu na vipodozi vilivyotupwa, ikipata moto inageuka kuwa mchanga mweupe mwembamba juu ya kila kitu. Ya ng'ombe na ya mboga ni rafiki zaidi.

mhasibu_south_b

Mimi ni mtu wa hesabu, nisameheni. Nimesikia kuna kampuni ya Marekani, Bloom Energy, inauza seli za hii aina ya seramiki kwa vituo vya data, masanduku yamepangwa nje kama makabati, na hakuna turbini hata moja. Kama seli peke yake inafika hapo kwenye 55 na zaidi, kwa nini nilipie turbini na vali na hayo mabweko yote? Mtu wa pesa atauliza hilo swali la kwanza.

fundi_wa_jenereta

Na ana haki ya kuuliza. Nitakujibu bila kuficha, hilo ndilo lililozuia hii ndoa isienee. Seli zimekuwa bora zenyewe, halafu sanduku lisilo na presha ni rahisi kuliko tangi lenye presha, likiharibika unatoa moja unaweka lingine huku mengine yanaendelea. Kwa ukubwa mdogo sana, mimi mwenyewe ningekwambia chukua seli peke yake. Japani wameweka seli ndogo za fueli za aina mbalimbali majumbani tangu 2009, zinatoa stima na maji ya moto ya kuogea, laki kadhaa za nyumba, hakuna turbini ndani.

Lakini angalia hesabu ukipanda juu. Ile asilimia 55 ya seli maana yake asilimia 45 bado ni joto, na joto la nyuzi 800 sio joto la kuanikia vitambaa, hilo ni joto la thamani, linaweza kuzungusha kitu. Ukilitupa au ukalichemshia maji tu umeuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Turbini inaokota humo sehemu nyingine ya stima. Mitsubishi wa Japani ndio hawakukata tamaa. Walijenga wa kilowati 250 kwa teknolojia hii, wakauweka chuo kikuu cha Kyushu mwaka 2015 kwa majaribio, na mwaka 2019 mwingine ukaanza kazi kwenye jengo la Marunouchi katikati ya Tokyo, stima na joto vyote vinatumiwa na jengo. Wao wanasema ufanisi wa asilimia 55 kwa ukubwa huo, na michoro ya mitambo mikubwa zaidi inapita 65.

Na kuna kitu ambacho mhasibu utakipenda. Jenereta letu likibeba mzigo wa robo ufanisi unaanguka, linakunywa dizeli bure usiku kucha. Turbini ndio mbaya zaidi kwa mzigo mdogo. Seli ni kinyume chake, mzigo ukipungua volti zinapanda na ufanisi unapanda nao. Kwa hivyo mtambo wenye seli mbele na turbini nyuma unashikilia ufanisi wake hata saa nane usiku wakati jengo limelala.

Bei ya mtambo wenyewe bado ni kubwa, hapo sina pa kubishana.

mhasibu_south_b

Sawa, hiyo ya mzigo mdogo imenigusa. Jenereta la jengo letu linabeba mzigo mdogo karibu kila usiku linapowaka, na bili ya dizeli ndiyo inayopita mezani kwangu.

nyar_muhoroni

Na kelele? Kwetu turbini ikiwaka ulikuwa unaisikia.

fundi_wa_jenereta

Seli haina sauti dada, kinachosikika ni feni na ile turbini ndogo, na hiyo sauti yake ni kali lakini nyembamba, inazuilika na sanduku. Moshi pia ni mwepesi, gesi nyingi haichomwi kwa mwali kwa hivyo zile oksidi za naitrojeni zinazokausha koo zinakuwa kidogo sana.

daktari_wa_turbo

Mkuu nina turbo ya lori hapa, upande wa kompresa mzima, upande wa moto gurudumu liko sawa ila beringi zimekwisha. Mwenyewe aliitelekeza. Nikiiwekea beringi mpya, na tukichomelea chumba cha moto cha chuma katikati, tukiiwasha kwa kipulizia cha juakali, tunaweza kuonyesha vijana turbini kwa macho yao kabla hatujafika kwa hiyo seli. Gesi ya mtungi itatosha?

fundi_wa_jenereta

Itatosha kabisa kwa dakika chache, ila tuweke mafuta ya beringi yawe na pampu yake kabla ya moto wowote, na tufanyie nje penye nafasi, mtu asisimame mkabala na magurudumu. Nina kipima joto cha waya kinachofika nyuzi 1200, tutapima kabla ya gurudumu na baada yake.

mwanakemia_254

Mniite. Nitakuja na kile kipande cha zirkonia chenye ufa, vijana wakishike mkononi.

daktari_wa_turbo

Jumamosi saa nne basi, wakati huo barabara haijajaa magari. Beringi naagiza kesho asubuhi.